Mwalimu Yoeli, Nilikwenda kwa Kaijage Kwanza

Mwalimu wangu Yoeli,

Najua kwamba marehemu hasomi barua. Wewe ndiwe uliyetufundisha hivyo, wakati tulipokuwa bado tunawapelekea babu zetu buni na rubisi, pombe ya ndizi, kwenye vibanda vyao nyuma ya nyumba. Ulisema kwamba walio mikononi mwa Mungu hawana haja ya kupelekewa kitu. Kwa hiyo sikuombi jibu, wala sikuombi msaada. Nakuandikia kwa sababu nina shukrani ambayo sikuitoa ulipokuwa hai, na mtu aliyefundishwa nawe hawezi kuacha jambo lake likiwa nusu. Mungu anajua ninamwandikia nani.

Misimu miwili ya kahawa imekwisha kupita tangu tukuzike kwenu Rubafu. Kanisa lako dogo limeezekwa kwa mabati, na mvua ikinyesha mahubiri hayasikiki hata kidogo. Mwinjilisti aliyekufuata ni kijana mwema mwenye sauti nzuri, ila husoma Zaburi kama mtu anayefukuzwa. Mama, mkeo, hajambo. Mwezi uliopita aliniletea mkungu wa ndizi kwa lori la kahawa kutoka Bukoba hadi Muleba, na juu yake alikuwa amefunga karatasi yenye jina langu kwa mwandiko wako. Alikuwa ameikata kutoka kwenye barua yako ya zamani, ili asikosee. Niliishika karatasi ile muda mrefu kabla sijaweza kumshukuru mwenye lori.

Sasa nianze.

Unakumbuka siku nilipoteuliwa kuwa mmoja wa wazee wanne wa baraza la gombolola, yaani tarafa yetu, wale wanaokaa kando ya mkuu na kumshauri anapoamua kesi. Nilikuja kwako nikiwa na uamuzi wangu tayari. Ndugu zetu waliookoka walikuwa wameniambia kwamba Mkristo akiingia katika mambo ya serikali anajichafua, nami nilikubaliana nao. Nilikuambia kwamba baraza lile linanuka rubisi. Ukasema, "Ndiyo maana wanahitaji mtu asiyekunywa." Nikasema kwamba mahali pangu ni kanisani. Ukaweka chini kisu ulichokuwa ukichongea mpini wa jembe, ukaniuliza, "Mjane wa kijiji hiki akishtakiwa kesho, atahukumiwa kanisani? Atahukumiwa pale. Nawe utakuwa wapi, Eliya? Utakuwa unaimba?"

Nilikasirika. Nilikwenda nyumbani bila kuaga vizuri, na kwa hilo naomba radhi leo, kwa kuwa sikumbuki kama niliwahi kuomba. Juma lililofuata niliapishwa.

Mjane uliyemtaja alikuja kweli, Mwalimu, ila alikuja baada yako. Ni Ma Anastazia, mke wa marehemu Laurenti, yule Mkatoliki aliyekuwa na kibanja, shamba la migomba, karibu na kijito. Laurenti alifariki bila mtoto wa kiume. Kabla matanga hayajaanuliwa, Kaijage, mkungu wa kijiji chetu, yaani kiongozi wake, akatangaza kwamba kibanja kile ni nyarubanja ya baba yake, yaani shamba la mkubwa, ambalo mkaaji wake hutoa sehemu ya mavuno kila mwaka na anaweza kuondolewa wakati wowote. Alisema kwamba Laurenti alikuwa mkaaji wake tu, na kwamba mjane afungashe vitu vyake arudi kwa kaka zake.

Ilikuwa si kweli, nami nilijua kwamba si kweli. Nilikuwapo siku baba yake Kaijage alipompa Laurenti ardhi ile. Mzee yule aliugua muda mrefu, na Laurenti ndiye aliyemuuguza wakati jamaa zake walipoogopa ugonjwa wake. Alipopona, mzee alimpa Laurenti kibanja kiwe chake na cha nyumba yake, bila kutoa chochote. Sisi vijana wawili, mimi na Kaijage, ndio tuliobeba vipande vya mulamula na kuvipanda mpakani, kama desturi yetu ilivyo, ili mti ule uwe shahidi. Miti bado imesimama, lakini mti hausemi ulipandwa kwa masharti gani. Watu wote waliokuwapo siku ile wamekwisha kufa, isipokuwa wawili. Mmoja ndiye mshtaki. Wa pili ni mimi.

Nawe unajua Kaijage ni nani kwangu. Kabla ya ubatizo wangu tulifanya omukago. Tulichanja ngozi karibu na kitovu, tukapaka damu punje mbili za buni moja, kila mmoja akala ile yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo aliniita munywani, yaani ndugu wa damu, na hadi leo hajapata kuniita Eliya hata mara moja. Mtu wa omukago hasimami barazani kumpinga mwenzake. Akisimama, watu wote wa hapa wanajua kitakachompata: tumbo lake litavimba hadi afe.

Habari ilipoenea kwamba mimi ndiye shahidi pekee, watu walianza kunisimamisha njiani. Wengine walinihurumia. Wengine, na hawa ni wa kanisani kwetu, waliniuliza kwa nini nimpoteze ndugu wa damu kwa ajili ya mwanamke wa misheni nyingine, ambaye akishinda atakwenda kuwasha mishumaa kwao. Hao niliwajibu kwa maneno yako. Nilikumbuka siku ile ya soko ulipotembea na katekista wa Kikatoliki chini ya mwavuli mmoja, njia nzima, na wazee wa kanisa wakakuita wakuulize maana yake. Ulisema, "Mvua haikutuuliza tulibatizwa wapi." Nami nilipoyarudia maneno hayo, mmoja alinung'unika kwamba Yoeli alikuwa na majibu mengi.

Lakini hapo ndipo nilipokosea, na hili sijamwambia mtu mwingine yeyote. Waliponiuliza juu ya omukago, nilifurahi kuwajibu. Nilisema kwamba nilikwisha kuuacha siku ya ubatizo, kwamba ni jambo la giza, na kwamba Kaijage kwangu ni mtu kama mtu mwingine. Nilisema hivyo kwa sauti, sokoni, nikiwa nimevaa koti langu la kanisani. Nilikwisha kuandika maneno nitakayosema barazani, kurasa mbili. Sentensi zilikuwa nzuri. Nilikuwa nikizisoma moyoni wakati wa chakula, hata mke wangu Debora akaniuliza kama mchuzi una kasoro.

Asubuhi ya siku iliyotangulia kesi nilikaa nizisome mara ya mwisho, na sauti yako ikanijia. Sisemi kwamba nilikusikia, maana ungenikemea. Nilikumbuka tu. Nilikumbuka siku ya ubatizo wangu, jinsi mmisionari alivyotusimamisha tuinue mkono na kukana kitu kimoja kimoja: hirizi, vibanda vya mababu, omukago. Niliinua mkono kwa kila kimoja. Kisha tukarudi kwa miguu, mimi nawe, na njia ilikuwa na matope. Ukaniambia bila kunitazama, "Kiapo cha damu umekiacha, vema. Lakini Kaijage hujamwacha. Hakuna aliyekuambia umwache mtu."

Siku ile nilidhani kwamba ni maneno ya mtu aliyechoka kutembea. Nilikuwa na wokovu mpya, na sikutaka kusikia habari za mpagani. Miaka yote hiyo, Mwalimu, nilimsalimu Kaijage kwa adabu na sikuingia nyumbani kwake. Nilijiona kuwa mtu safi. Asubuhi ile, nikiwa na kurasa zangu mbili mkononi, niliona kwamba nilikuwa tayari kumwaibisha mbele ya watu mtu ambaye sikuwa nimemwambia neno hata moja uso kwa uso. Ukweli niliokuwa nao ulikuwa wake pia. Tuliubeba wote wawili siku moja, pamoja na vile vipande vya mulamula.

Nikaacha karatasi mezani, nikaenda.

Kaijage alikuwa uani, akianua kahawa kwenye mkeka. Aliponiona hakusimama. Alisema, "Mlutheri amepotea njia?"

Nikamwambia kwamba sikupotea, nimekuja kwake.

"Na koti hukuvaa. Basi hukuja kuhubiri."

Nikamwambia, "Kesho nitashuka kitini pangu, nitasimama mbele ya baraza na kusema kwamba baba yako alimpa Laurenti kibanja kile bila masharti. Nimekuja kukuambia kabla sijawaambia wengine."

Aliendelea kukusanya kahawa kwa viganja. Nilikuwa bado nimesimama, kwa maana hakunikaribisha kukaa wala hakuniletea buni za kutafuna, na kwa watu wetu hakuna mgeni anayekosa kuelewa maana yake. Kisha akasema, polepole, "Mimi nilisikia kwamba maji yenu yaliosha damu yangu tumboni mwako. Ulisema sokoni. Sasa umekuja kumwona nani?"

Mimi niliyefundisha watoto kujibu maswali kwa sentensi kamili nilisimama pale kama mti. Mwishowe nilisema kwamba maneno ya sokoni yalikuwa mabaya, na kwamba nimekuja kumwona yeye.

"Umekawia," akasema. "Na kesho utasema?"

"Kesho nitasema."

"Basi nenda."

Nilikwenda. Sikuwa nimemgeuza moyo, wala sikuona dalili yoyote ya amani. Njiani nilijisikia mpumbavu, kwa kuwa nilikuwa nimempa adui wa kesi siku nzima ya kujitayarisha. Debora alilia. Yeye ni Mkristo kuliko mimi, lakini ni binti wa hapa, naye aliniambia waziwazi kwamba anaogopa tumbo langu.

Siku ya kesi, uwanja wa baraza ulijaa. Walikuja watu kutoka vijiji ambavyo havikuhusika, na nina hakika kwamba wengi walikuja kuniona nikivimba. Ma Anastazia alikaa chini, mbele, akiwa ameshika rozari yake ndani ya kitenge, akidhani haionekani. Nilimwomba mkuu wa gombolola ruhusa ya kushuka kitini, kwa sababu mtu hawezi kuwa shahidi na mshauri katika shauri moja. Hakupenda. Ilijulikana kwamba Kaijage alikuwa mtu wake. Lakini aliruhusu.

Sikusoma kurasa zangu. Nilisema yaliyotokea: nani alikuwapo, nani alisema nini, mulamula ilianza kupandwa upande gani. Nilimaliza upesi sana. Kisha mkuu akamgeukia Kaijage na kumwuliza, akitabasamu, kama mtu huyu si munywani wake. Wote tulielewa anamfungulia mlango gani. Kaijage angesema ndiyo, angenilaani pale pale kwa damu yake, na hakuna mzee ambaye angethubutu kupokea ushahidi wangu. Kesi ingekwisha, na mjane angeondoka kabla ya jua kuchwa.

Kaijage akasimama. Alikuwa amevaa shuka lake jeupe la siku kuu. Alinitazama, kisha akatazama chini.

"Ni munywani wangu," akasema. "Jana alikuja kwangu, akaniambia haya anayoyasema. Sina laana juu yake."

Mkuu akamwuliza kama anakubali kwamba maneno yale ni kweli.

"Nimesema sina laana juu yake," akajibu, akaketi.

Hakusema zaidi. Hakukiri, Mwalimu, na sitakuandikia kwamba alikiri ili barua yangu ipendeze. Lakini wazee watatu waliobaki waliuliza maswali machache, wakashauriana, wakasema kibanja ni cha nyumba ya Laurenti, na mkuu hakupata njia ya kuwakatalia mbele ya watu wengi vile. Ma Anastazia bado yupo pale. Amepanda maharage kati ya migomba. Siku ile alinifuata nilipokuwa nikitoka uwanjani, akapiga magoti kwa salamu kama wanawake wetu wafanyavyo, akasema, "Mzee Eliya, usinikasirikie. Nimekuwa nikikuombea kwa Bikira Maria juma zima." Nikamwambia kwamba sikukasirika. Nilitaka kuongeza maelezo kidogo juu ya jambo hilo, lakini nilikukumbuka, nikanyamaza.

Baadaye mambo yalikwenda kama ungetarajia. Kabla ya mavuno mkuu alitangaza kwamba wazee wengine tumechoka na tunastahili kupumzika, na mtu niliyejua jina lake tangu mwanzo akakalia kiti changu. Kanisani nilisifiwa, na sifa zile ziliniumiza kuliko kufukuzwa. Walisema kwamba nimeonyesha ya kuwa omukago ni kitu kilichokufa. Nilisimama baada ya ibada nikawaambia kwamba si hivyo. Niliwaambia kwamba sikushinda chochote, na kwamba mpagani Kaijage ndiye aliyekuwa na neno moja la kuniangamiza, akalimeza. Hawakupendezwa. Debora alinitazama tumbo kila asubuhi kwa mwezi mzima, akijifanya anatafuta kitu kingine, na alinipunguzia chakula ili asichanganye kushiba na kuvimba. Nilikonda. Watu wakasema kwamba ndiyo dalili ya kwanza.

Nilianza kwenda kwa Kaijage. Si kumhubiria. Nilikwenda kila Jumatatu, nikakaa kwenye gogo lililo karibu na mlango, naye alifanya kazi zake. Siku moja aliniuliza, kwa ghafla, kama ni kweli kwamba Mungu wetu naye alikuwa na rafiki aliyekula pamoja naye kisha akamsaliti. Nikasema ndiyo. Akauliza kama yule rafiki alikwenda kumwambia kwanza. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga kuni.

Sasa nikueleze habari ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Serikali imeagiza kwamba katika halmashauri mpya ya huku kwetu wawepo pia watu waliochaguliwa na wananchi wenyewe. Vijana wa mjini Bukoba wanasema kwamba ni kidogo mno na kwamba wakati wa kujitawala umekaribia. Huenda wako sahihi. Lakini kwetu ilikuwa ajabu hata hivyo: tuliitwa uwanjani tukaambiwa tutaje mtu. Mtu mmoja akataja jina langu. Hakuna aliyenyoosha mkono, kwa maana watu walijua kwamba mkuu hanitaki. Ndipo Kaijage aliposema kutoka nyuma, bila hata kusimama:

"Mchagueni. Siku atakapotaka kukupinga, utamwona mlangoni kwako asubuhi. Ni usumbufu mkubwa. Lakini huyu hatakupiga ukiwa umempa mgongo."

Watu walicheka, kisha wakanyoosha mikono. Nilichaguliwa, Mwalimu, kwa maneno ya mtu ambaye hajabatizwa, naye alikuwa akieleza mafundisho yako kuliko nilivyoweza kuyaeleza mimi katika kurasa mbili.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba imani katika mambo ya watu maana yake ni kuwa na msimamo ulio sahihi na kuutamka vizuri. Wewe ulikuwa na msimamo, lakini kwanza ulikuwa na watu. Uliniingiza barazani kwa ajili ya mjane ambaye hakuwa ameshtakiwa bado. Ulinirudisha kwa Kaijage nikiwa nimekwisha kumtupa. Nakushukuru kwa hasira uliyonitia siku ile ya mpini wa jembe. Nakushukuru kwa matope ya njia ya ubatizo. Nakushukuru kwa kunisahihisha nikiwa mtoto na nikiwa mzee, na kwa kutonisifu upesi.

Kazi ya kwanza ya halmashauri inanisubiri, nayo si nyepesi. Kanisa letu limeomba kupanua uwanja wa shule. Uwanja huo ukipanuliwa kama ulivyochorwa, familia tano zitapoteza migomba yao, na hakuna aliyekwenda kuziuliza. Ni shule yetu, Mwalimu, ile uliyoijenga kwa mikono yako, na najua kwamba watoto wamejaa hadi madirishani. Nimeomba, nimehesabu hatua za uwanja kwa miguu yangu, nami naona kwamba ipo njia nyingine upande wa bondeni, ingawa ni ngumu zaidi. Nitasimama katika halmashauri na kulipinga ombi la kanisa langu.

Basi kaa salama huko uliko, Mwalimu wangu, hadi Bwana atakapotuita sote kwa majina. Nakuahidi kwamba sitasema neno juu ya mtu yeyote katika halmashauri ile kabla sijaingia nyumbani kwake. Jumamosi asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nitakwenda kwa mchungaji.

Mwanafunzi wako,
Eliya